Kibuyu cha Sebuleni

Aliyekipa jina ni mama yangu. Alikuja kutoka Pangani kututembelea wiki mbili, na sasa ni mwaka wa tatu. Siku fundi alipokitundika kile kidude cheupe ukutani, juu ya kabati la vyombo, mama alikaa kwenye kochi akakichunguza kimyakimya. Kina macho manne. Kinameta. Hakisemi neno, na bado watu wazima wanasimama mbele yake wameshika viuno, wakisubiri kiwaambie habari zao.

"Hiki ni kibuyu," akasema. "Kwetu mganga anakitikisa. Ninyi mnakizima na kukiwasha."

Tangu hapo nyumbani kwetu Tabata hakuna anayesema ruta. Kuna kibuyu. Jicho la kwanza ni la umeme. La pili ni la kampuni: likiwa kijani limetulia, basi kibuyu na kampuni wanaongea. La nne ni la Wi-Fi. Kati ya hayo lipo la tatu, ambalo mambo yakiwa heri halionekani kabisa, na yakiwa shari linakuwa jekundu na kupepesa. Kisa chote hiki ni cha hilo jicho la tatu.

Kwanza niseme tulivyofika hapo. Sisi ni watu wa king'amuzi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nyumba yetu haikuwahi kukosa king'amuzi, na kuna kipindi tulikuwa navyo viwili na rimoti nne, moja ikiwa ya kifaa ambacho hakuna anayekikumbuka. Mpira ukawa unahamia kwenye kifurushi cha juu kila nikikaribia kuufikia. Ndipo akapita kijana wa mauzo mwenye fulana mpya na tabasamu la ndugu, akaniambia kuna faiba mtaani, spidi ishirini, shilingi 70,000 kwa mwezi, mtazame mpira, tamthilia, katuni, kila kitu. Nikapiga hesabu mbele ya mama watoto. Nikakata king'amuzi.

Wiki ya kwanza kijana wetu wa kidato cha nne akaja na simu mkononi. "Baba, tumeibiwa. Tumelipia ishirini, zinakuja mbili na nusu." Nikapiga simu nikiwa nimepandisha. Mhudumu akanieleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara mia kwamba wao wanauza kwa megabiti, simu inaonyesha kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya ishirini kwa nane. Ikaja mbili na nusu kamili. Kumbe sikuibiwa. Ila nilijiuliza muuza kitambaa angekuwaje akikutajia urefu kwa inchi ili namba ipendeze, halafu ukifika nyumbani unapima kwa yadi.

Mama watoto hakusema kitu. Aliandika. Yeye ni mhazini wa kikoba chao, na mhazini wa kikoba haamini kinywa, anaamini daftari. Analo la kikoba, na analo la nyumbani, kubwa, gamba gumu, lililofungwa mpira wa nywele. Humo kuna kila kitu: gesi imewekwa lini, fundi bomba aliyechukua shilingi 15,000 akasema anakwenda kununua koki akapotea, kamba ya kuanikia nguo iliyokatika na upepo wa Kimbunga Hidaya tarehe 4 Mei, baba ataleta mpya Jumatatu, sukari kilo mbili, ada ya tuisheni. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha pale bandarini, siku nzima nawaambia wateja kwamba mzigo uko njiani, kwa hiyo daftari la namna ile huwa linanikosesha raha.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 kibuyu kilikuwa kinameta macho yake yote ya kijani, na hakuna kilichofunguka. Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, Manchester United walikuwa wanacheza na Arsenal pale Old Trafford. Mimi ni United. Shemeji yangu, mdogo wa mama watoto, ni Arsenal, na alikuwa amekwisha kufika na jezi yake tangu adhuhuri. Tukazima, tukawasha. Tukauliza jirani, naye hana. Tukauliza jirani wa jirani. Usiku tukasikia habari: mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, imepata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilikuwa zinahema, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Ikabidi twende kibanda umiza. Shilingi elfu moja kwa kichwa, benchi la mbao, jasho la watu sitini. Dishi halina habari na bahari, picha ilikuwa safi. Trossard akafunga, ikaishia moja bila, na shemeji akanikumbatia mbele za watu.

Hasara ya siku ile sikumlaumu mtu. Mkongo wa baharini ukikatika, meli maalumu inakwenda kuutafuta chini, inaunasa kwa ndoano, inauinua, na watu wanakaa humo ndani kuunga nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Hiyo ni kazi ya heshima. Kabla SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti yetu ilikuwa inapanda setilaiti, na picha moja ilifunguka kuanzia kwenye nywele, ukienda kunywa chai ukirudi imefika kwenye kidevu. Nilikuwa tayari kusubiri meli.

Baada ya siku chache kampuni zikahamishia mizigo kwenye njia nyingine, mtaa ukaanza kuamka. Na sisi tukaamka. Jumatano tarehe 15 asubuhi kibuyu kilikuwa kizima. Saa nne hivi jicho la tatu likafumbuka, jekundu, likaanza kupepesa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nikaweka simu sauti ya juu mezani ili mikono yangu ifanye kazi nyingine. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Kwa huduma za nyumbani bonyeza tatu. Kurudia menyu bonyeza nyota. Simu yako ni muhimu kwetu. Ukaja muziki, muziki uleule, kipande kilekile, hadi kitindamimba wetu wa miaka sita akakikariri. Dakika ya kumi na saba akapatikana binadamu.

"Pole sana, mzee. Kwa sasa tuna changamoto ya mikongo ya baharini."

Kwenye kampuni hizi hakuna kitu kinachoharibika. Kuna changamoto. Hakuna aliyekosea, kuna changamoto. Ukisema "kimekufa" wanaandika "mteja anapitia changamoto," kana kwamba tatizo ni safari yako ya kiroho.

"Lakini jirani yangu anapata."

"Umejaribu kuzima na kuwasha, mzee?"

Nikazima, nikawasha. Akanipa namba ya tiketi yenye tarakimu tisa na kuniambia mafundi watafika ndani ya saa ishirini na nne. Mama watoto akafungua daftari, ukurasa wa nyuma, akachora mistari kwa rula: tarehe, saa ya kufa, saa ya kufufuka, tiketi, walichosema.

Magharibi ilipoingia mama yangu akakiangalia kibuyu. "Kimeonwa," akasema. Jicho la mtu. Mtaa mzima ulikuwa hauna, sisi tukapata asubuhi tukashangilia hadharani, unadhani watu hawasikii? Akaleta chetezo, akaweka makaa na ubani, akakifukiza kibuyu kutoka chini, moshi ukazunguka kabati la vyombo. Kabla hajamaliza dua, jicho jekundu likafumba. La pili likawa kijani. Simu zikaanza kulia ujumbe wa siku nzima.

Mimi ni msomi kidogo, nikacheka. Mama hakucheka. Na simu yangu ikaingia ujumbe: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa kutuchagua." Kwa hiyo waliodai kukitibu kibuyu jioni ile walikuwa wawili, na kati yao aliyefanya kazi yoyote inayoonekana ni mama.

Jumamosi tarehe 18 kikafa tena, saa nne asubuhi. Tiketi mpya. Fundi yuko njiani. Magharibi mama akaleta chetezo, kikafufuka, ujumbe ukaingia: limetatuliwa. Jumapili kilikuwa kizima siku nzima, tukaona mechi za mwisho za ligi, Manchester City wakachukua ubingwa na shemeji akaondoka bila kuaga. Jumatano tarehe 22 mvua ilinyesha kuanzia alfajiri, mtaro ukafurika, nikajisemea leo ndiyo basi. Kibuyu kikawa kizima kuliko siku zote.

Jumamosi tarehe 25 jua lilitoka kali. Saa tano jicho jekundu.

"Labda ni mvua, mzee," akasema mhudumu.

"Mwanangu, huku kuna jua la kukausha kambale."

"Basi ni changamoto ya mikongo ya baharini."

Hapo nikaelewa kwamba udhuru ukishafanya kazi vizuri hauachwi, hata chanzo chake kikishapona.

Nyumba ikaanza kushukiana. Kijana akashukiwa kwa michezo yake ya usiku. Shemeji akashukiwa kugawa nywila yetu hosteli kwao, na ushahidi ukapatikana, kwa sababu siku moja televisheni iliandika kwamba akaunti yetu ya filamu inatumika kwenye vifaa vingi mno, na kati ya vifaa hivyo kimoja kiliitwa "Simu ya Prezidaa". Nikabadilisha nywila. Nikaisahau. Tukakaa nje ya nyumba yetu wenyewe siku mbili.

Hiyo akaunti ya filamu nayo ina kesi yake. Tuliingia kwa mwezi wa bure. Mwezi wa bure ulikwisha bila kupiga hodi, na fedha zikawa zinakatwa kila tarehe 20, uone usione. Mama yangu alikuwa anafuatilia humo tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili, na kwa siku kumi bi harusi alikuwa ameshika barua bila kuifungua, kidole kikiwa kwenye gundi. Kibuyu kikirudi, kipindi kinakwama, tangazo halikwami. Tangazo la sabuni linapita laini kama samli, halafu bi harusi anaganda tena na mdomo wazi. "Intaneti ya tangazo wanaileta wapi?" mama akauliza, na mimi msomi sikuwa na jibu.

Nikaamua kusitisha. Kujiunga kulihitaji kugusa mara moja. Kusitisha nilipelekwa Akaunti, kutoka Akaunti kwenda Mipangilio, kutoka Mipangilio kwenda Uanachama, nikaulizwa sababu, nikapewa nusu bei kwa miezi miwili, nikaulizwa kama nina uhakika, nikaambiwa ingiza namba ya siri tuliyokutumia kwenye barua pepe. Barua pepe inataka intaneti. Jicho la tatu lilikuwa jekundu. Nikatuma kijana dukani kwa vocha, nikanunua bando la simu, ili nipate intaneti ya kuacha kulipia kitu ambacho sikiangalii kwa kuwa sina intaneti. Namba ya siri ilipofika, muda wake ulikuwa umepita.

Mama watoto akaliandika na bando.

Jumatano tarehe 29 kikafa, kikafufuka kwa ubani. Kufikia hapo mama alikuwa hashtuki. Saa kumi na mbili jioni anawasha makaa kama mtu anayebandika maji ya chai.

Tukafika Jumamosi tarehe 1 Juni. Fainali ya mabingwa wa Ulaya, Real Madrid na Borussia Dortmund, pale Wembley, kwetu saa nne usiku. Nilikuwa nimewaalika majirani wanne, akiwemo mzee mmoja mstaafu wa lile Shirika la zamani la Posta na Simu, mtu wa kanzu na maneno machache. Mama watoto alikuwa amekaanga samaki. Jicho lilifumbuka saa tano asubuhi, sikujali. Nilikuwa namtegemea mama. Magharibi akafukiza. Likapepesa. Akaongeza ubani. Likapepesa. Akaweka na udi wa Eid. Likapepesa tu.

"Leo hapana," akasema, akachukua chetezo chake akaingia chumbani, na kusema kweli nilihisi tumeachwa.

Saa nne kasoro wageni wakaanza kukumbuka kwamba kibanda umiza hakiko mbali. Waliondoka na samaki mkononi. Nilibaki mimi na mzee wa Posta na Simu. Mpira tuliusikia kwa kelele za mtaani: kimya kirefu, kelele ya kwanza, muda kidogo, kelele ya pili. Tukajua Madrid wamemaliza.

Mzee akaniuliza, "Hilo jekundu maana yake nini?"

"Changamoto ya baharini, mzee."

Akatikisa kichwa. "Zamani zetu, mteja akilalamika tulianza kwenye ukuta wake, tukarudi nyuma hadi kwenye nguzo. Bahari hatukuifikia." Kisha akamgeukia mama watoto. Akamwambia sheria ya mawasiliano ipo tangu mwaka 2010, mamlaka ipo, TCRA, na lipo Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. Ila wote hao watamuuliza jambo moja kwanza: ulilalamika kwa kampuni yenyewe lini, na ukapewa namba gani?

Mama watoto akafungua mpira wa nywele kwenye daftari.

Jumatatu asubuhi akaja fundi. Wa kwanza katika wiki tatu. Alikuta kibuyu kizima, macho ya kijani. Akakitazama bila kuvua kofia, akasema hapa hakuna tatizo, akapiga picha, akaondoka. Dakika nne. Nilipotoka kumsindikiza ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia: limetatuliwa.

Basi mama watoto akaichukua simu mwenyewe. Aliweka sauti ya juu, akasikiliza muziki wote, na mhudumu alipopatikana hakumpandishia sauti hata kidogo. Alimsomea. Kwa sauti ileile anayowasomea wanakikoba madeni yao: tarehe kumi na tano Mei, saa nne na dakika kumi, tiketi namba fulani, mlisema saa ishirini na nne, hakuja mtu, saa kumi na mbili na robo mkatuma ujumbe kwamba limetatuliwa, nani alilitatua? Tarehe kumi na nane. Tarehe ishirini na tano. Alipofika tarehe ishirini na tisa yule binti wa upande wa pili akasema, "Mama, naomba nikuunganishe na msimamizi." Msimamizi naye akasomewa tangu mwanzo. Nilimwona mke wangu siku ile nikaelewa kwa nini kikoba chao hakijawahi kupotelewa na shilingi.

Kampuni ina kompyuta zenye kila tiketi yetu, lakini inategemea sisi tuwe hatukumbuki. Kila ukipiga ni kama ndiyo mara ya kwanza: umezima? umewasha? Mteja mwenye hasira hawamwogopi, hasira inaisha salio. Aliyewashinda ni mama mmoja wa Tabata mwenye rula.

Jumatano tarehe 5 Juni, saa tano asubuhi, jua la kutosha, jicho jekundu likipepesa, akaingia fundi mwingine. Binti mdogo, mabuti, mkanda wa vyombo kiunoni. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Hakuuliza kama tumezima na kuwasha. Aliuliza, "Huwa kinakufa saa ngapi?"

Tukampa daftari.

Alisoma amesimama, kidole kikishuka kwenye mistari. Akarudia. "Siku bahari ilipokatika hili jicho jekundu liliwaka?"

Kijana akakumbuka: siku ile yote yalikuwa ya kijani.

"Ndiyo. Bahari ikikatika, hiki hakijui, bado kinaongea na mtambo wetu. Likiwaka hili jekundu, maana yake mwanga haufiki hapa ukutani. Ni hapahapa, kati ya nguzo na nyumba." Akatazama tena daftari. "Jumatano, Jumamosi, Jumamosi, Jumatano, Jumamosi. Na hii ya mvua kilikuwa kizima. Mama, hapa kwenu Jumatano na Jumamosi huwa mnafanya nini?"

Kukawa kimya. Na katika kimya kile, kutoka uani, tukasikia maji yakikamuliwa kwenye beseni.

Tulitoka sote, mama yangu nyuma na mkongojo. Kutoka kwenye nguzo ya barabarani waya mweusi, bapa, mwembamba kama tambi, ulikuwa unavuka uani kwa urefu wa kichwa cha mtu, ukakatia kona kwenye msumari, ndipo ukaingia ukutani. Na juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, zilikuwa zimeanikwa nguo zetu: mashuka mawili, sare za shule, suruali yangu ya jinzi, na katikati, ikipepea taratibu, kanga ya mama, maandishi yakiwa wazi kabisa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Binti alirudi ndani, akachomoa ncha ya waya kwenye kibuyu, akaichomeka kwenye kipimo chake kidogo chenye kioo, akampa kijana akishike. "Nisomee kwa sauti." Akatoka nje, akauacha waya na mzigo wake.

"Hasi thelathini na mbili!" kijana akapaza kutoka sebuleni.

"Hasi ishirini na nane kibuyu chenu kinakuwa kipofu," akatuambia. Akanyanyua ile jinzi kwa mkono mmoja, kama anayemwinua mtoto.

"Hasi ishirini na sita!"

Akainua na mashuka.

"Hasi ishirini na moja!"

Akaachia vyote. Waya ukazama, ukajikunja pale msumarini.

"Thelathini na mbili tena!"

Akatueleza: ndani ya waya ule kuna uzi wa kioo, na mwanga unakwenda ndani yake kwa kugonga kuta na kurudi. Ukiukunja kona kali, mwanga unatokea nje pale kwenye kona, unapotea. Hakikatiki kitu. Ukinyooka, unarudi. Nguo zikianikwa kibuyu kinapofuka. Dada wa kazi akizianua magharibi kinaona. Na Jumamosi ya fainali?

"Blanketi," akasema mama watoto polepole. "Masika yalikuwa yanaisha, tulifua blanketi. Halikukauka, likalala nje."

Mama yangu aliinamisha kichwa. Kwa wiki tatu alikuwa anafukiza kwa saa ileile nguo zinapoanuliwa. "Lakini kibuyu kilikuwa kinasikia," akasema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyembishia.

Nilipata nguvu. Nikamgeukia dada wa kazi nikiwa na sauti ya mwenye nyumba. "Nani alikuambia uanike kwenye waya wa watu?"

"Baba, si kamba ilikatika? Nilimwambia mama, mama akasema baba analeta. Nikaona huu upo, tena umekaza vizuri."

Nilisikia kurasa zikifunuliwa. Mama watoto alikuwa anarudi nyuma, kabla ya mistari ya rula, mahali pa sukari na koki. Akasoma kwa sauti ile ya kikoba. "Tarehe nne Mei, kamba imekatika, baba ataleta Jumatatu. Tarehe tisa, baba anasema kesho. Tarehe kumi na sita, baba anasema ameisahau kwenye gari. Tarehe ishirini na saba, baba anasema iko njiani."

Fundi alijishughulisha na ngazi yake.

Nilijitetea kidogo, na si bure. Binti mwenyewe alikiri kwamba waya ule haukupaswa kupita pale. Aliyeufunga alitakiwa kuupandisha chini ya upenu wa paa, aubane vizuri, aupe kona ya duara, ila msumari ulikuwa karibu na jua lilikuwa kali. Tiketi nne zilifungwa bila mtu kufika getini, na ya tano ikafungwa na mtu aliyekaa dakika nne. Yote hayo yako daftarini, na mama watoto aliyadai. Kwa hesabu yake shilingi 70,000 kwa siku thelathini ni shilingi 2,333 kwa siku, siku sita ni kama shilingi 14,000. Kampuni ikasema hairudishi fedha, ikatuongezea siku sita. Akaziandika kwenye mapato. Chini yake, kwenye matumizi, akaandika: kamba ya kuanikia, mita kumi, shilingi 3,000, imenunuliwa na mama. Alinionyesha kwa kalamu mahali pa kutia sahihi.

Akaunti ya filamu nayo tumeiacha hai, kwa sababu bi harusi aliifungua ile barua, na kumbe ilikuwa tupu, na sasa mama anataka kujua nani aliitoa karatasi.

Bado anafukiza. Jumatano na Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, nguo zikiwa kwenye kamba mpya mbali na waya, anawasha makaa yake na kukizungushia kibuyu moshi. Ukimuuliza anasema kinga ni bora. Juzi alipomaliza akaniita. "Mwanangu, ile balbu ya uani imeungua. Usiku siioni ngazi."

"Nitaleta kesho, mama."

Kitindamimba alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia anachora. Hakuinua kichwa.

"Baba," akasema, "namba ya tiketi ni ngapi?"